Kuokota au kuchimba? Barua kwa mwanangu kuhusu madini ya bahari kuu

Mwanangu,

Umeniuliza kama ni kweli wanavyodai wenye kampuni za madini, kwamba kule chini ya bahari hawachimbi, wanaokota tu. Ni nusu ya ukweli.

Vinundu wanavyovitaka ni mabonge ya madini yenye ukubwa wa kiazi, vimebeba manganizi, nikeli, shaba na kobalti, na vimelala juu ya matope kwenye kina cha mita 4,000 hadi 5,500. Eneo linalogombaniwa zaidi ni Clarion-Clipperton, kati ya Hawaii na Mexico. Mwamba wa kulipua haupo, hilo nakubali. Lakini mashine haiinami ikachagua kimoja kimoja. Inatambaa kwa minyororo kama tingatinga, inapuliza maji kwa nguvu na kufyonza vinundu pamoja na tabaka la juu la matope. Sehemu kubwa ya matope hutemwa nyuma yake papo hapo. Yanayosalia hupanda na vinundu kwenye bomba la zaidi ya kilomita 4, yakisaidiwa na hewa iliyoshindiliwa. Melini vinundu hutengwa, maji machafu yakarudishwa baharini.

Hapo ndipo penye hatari: mawingu mawili ya matope, moja chini kabisa, jingine katikati ya maji. Katika jaribio la uchimbaji la mwaka 2022 huko Clarion-Clipperton, maji hayo yalimwagwa kwenye kina cha mita 1,200 hivi, wanakoishi viumbe laini wanaochuja chakula majini. Nayo sakafu ya bahari kule chini hupokea vumbi la milimita chache kwa miaka 1,000, kwa hiyo wakazi wake hawana mazoea ya kufukiwa. Tena kinundu chenyewe ni makazi: sponji na matumbawe hushika hapo kwa kuwa kwingine kote ni tope. Nacho hukua milimita chache tu kwa miaka milioni.

Mwaka 1989 wanasayansi wa Ujerumani walikokota plau kwenye sakafu ya bahari nje ya Peru. Waliporudi baada ya miaka 26, mifereji ilikuwa bado inaonekana, na kazi ya vijidudu vya matope ilikuwa haijarudia hali yake. Na wale hawakuondoa vinundu, walivifukia tu.

Kuhusu msimamizi: nje ya mipaka ya nchi zote, Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unayaita madini hayo urithi wa pamoja wa wanadamu, chini ya Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari iliyoko Kingston, Jamaika. Mamlaka hiyo imetoa mikataba ya utafutaji ya miaka 15 kila mmoja. Ya uchimbaji haijatoa hata mmoja, maana kanuni zake hazijakamilika. Mwaka 2021 Nauru, nchi ya kisiwa katika Pasifiki, ilitumia kifungu kinachoipa Mamlaka miaka miwili kukamilisha kanuni, ili kuharakisha. Muda ukaisha Julai 2023, kanuni hazikuwa tayari. Aprili 2025 Marekani, ambayo haijaridhia mkataba huo, iliamua kuharakisha leseni kwa sheria yake ya 1980. Kwangu hilo ni kuuruka uzio.

Kampuni lazima idhaminiwe na nchi. Mwaka 2011 majaji wa mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari walieleza kuwa nchi mdhamini haiwajibiki kwa kila hasara, ila kwa uzembe wake: kutotunga sheria, kutosimamia. Ikiwa imesimamia vizuri na kampuni imefilisika, hasara inaweza kukosa mlipaji. Ndiyo maana mimi huanza kusoma ukurasa wa bima na dhamana kabla ya ule wa faida.

Ukishika ripoti yao, tafuta vipimo vya hali ya bahari kabla ya kazi ni vya miaka mingapi, maji yatamwagwa kina gani, na kama limetengwa eneo lisiloguswa la kulinganishia. Eneo hilo liwe na vinundu vingi kama linalochimbwa, na wingu la matope lisilifikie. Jihadhari na anayetenga pale pasipo na mali.

Baba yako