Jina halimo kwenye orodha ya makaburi: je, hakuzikwa hapo?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Wichita, jimbo la Kansas. Babu wa babu yake mume wangu alizaliwa utumwani Kentucky, akahamia Nicodemus, kijiji cha Weusi walioachwa huru hapa Kansas, mwaka 1878 na kuanza kulima. Kwenye intaneti tumepata orodha ya makaburi ya kijijini yenye jina lake: kuzaliwa 1836, kufa 1889. Mkewe na watoto wawili waliokufa wadogo hawamo. Mzee mmoja wa kanisani anasema kuna mtu mwenye fimbo mbili za waya anayeweza kutuonyesha walipolala, hata kutuambia yupi ni mwanamke. Tumlipe? Au tukubali tu kwamba hawakuzikwa hapo?

JIBU: Dada yangu, usimlipe huyo mtu, na wala usikubali kwamba hawapo hapo. Kila mwezi napata barua inayofanana na yako, na karibu zote zimejikwaa kwenye jiwe lile lile: mtu ameona orodha ya makaburi akadhani ameona daftari la mazishi. Hivyo ni vitu viwili, na kuvichanganya kumewapotezea watu ndugu zao wengi kuliko moto wowote uliowahi kuteketeza nyaraka.

Makaburi mengi ya mashambani Kansas yalianza kwa mkulima kumzika mtoto wake kwenye kona ya shamba. Majirani wakaja kuzika pembeni yake, baadaye ikaandikwa hati ya kulitoa eneo lile kwa kanisa au kitongoji. Mara nyingi hapakuwa na karani wa kuandika nani amelazwa wapi. Miaka mingi baadaye anakuja mtu wa kujitolea na kalamu yake, anasoma mawe ambayo bado yamesimama, anarudi nyumbani na kuyapanga majina kwa alfabeti. Orodha hiyo inakueleza nani alikuwa na jiwe, tena jiwe lililosomeka siku ile. Na alfabeti imeshafuta jambo la thamani kuliko yote, yaani nani amelala kando ya nani.

Sasa ifikirie Nicodemus yenyewe. Mji ulianzishwa mwaka 1877. Septemba mwaka huo watu wapatao 300 kutoka Kentucky waliteremka kwenye treni mjini Ellis, wakaenda zaidi ya kilomita 50 hadi mahali pasipo na miti ya kujengea. Wengi waliishi kwenye mashimo waliyochimba kwenye kingo za ardhi, na kipupwe cha kwanza Wahindi Wekundu wa kabila la Osage ndio waliowagawia chakula. Familia iliyokosa mbao za paa ingepata wapi marumaru ya kumwekea mtoto? Waliweka ubao, jiwe la chokaa lisilo na maandishi, au waliotesha maua. Ubao huoza. Kwa hiyo mke na watoto kukosekana kwenye orodha ndilo jambo la kutarajiwa, halithibitishi kitu.

Hata hiyo 1836 usiishike kwa mikono miwili. Aliyezaliwa utumwani aghalabu hakuwa na maandishi ya kuzaliwa kwake, na sensa ya shirikisho ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika walioachwa huru wote kwa majina. Linganisha umri wake katika sensa ya 1870 na ya 1880, na ile ya jimbo la Kansas ya 1885, nitashangaa zikikubaliana. Kisha lichunguze jiwe. Likiwa ni graniti iliyong'arishwa, yenye herufi zilizochongwa kwa mchanga unaorushwa na mashine, jiwe hilo liliwekwa na wajukuu miaka mingi baada ya mazishi, na tarehe zake ni kumbukumbu za wajukuu. Na kama limeandikwa umri kwa miaka, miezi na siku, basi aliyeorodhesha huenda alipiga hesabu ya kurudi nyuma mwenyewe, akaandika jibu lake kana kwamba limechongwa pale.

Tuje kwenye karatasi. Kansas ilianza kusajili vifo kwa jimbo zima tarehe 1 Julai 1911, kwa hiyo cheti cha kifo cha miaka ya 1880 usikitafute. Sensa ya shirikisho ya 1890 iliharibiwa vibaya na moto wa Washington mwaka 1921, na mabaki yake karibu yote yakateketezwa baadaye. Lakini Kansas ilifanya sensa yake ya jimbo mwaka 1885 na tena 1895, na hilo ndilo daraja lako. Mke akiwepo 1880 na asiwepo 1885, umepata miaka mitano ya kutafuta badala ya arobaini. Angalia pia kama jina la mke limebadilika huku shamba ni lile lile, maana huenda mnatafuta wanawake wawili mkidhani ni mmoja. Kwa watoto, sensa ya 1880 ina karatasi za pekee za waliofariki kati ya 1 Juni 1879 na 31 Mei 1880, pamoja na ugonjwa uliowaua.

Lililo muhimu kuliko hayo yote ni jalada la ardhi. Sheria ya mashamba ya 1862 (Homestead Act) ilimpa mlowezi hadi eka 160 za ardhi ya serikali akiishi na kulima kwa miaka mitano, kisha athibitishe kwa maelezo yake na ya mashahidi wawili. Hapo hueleza nyumba, eka zilizolimwa, ukubwa wa familia. Mwenye shamba akifa kabla ya kuthibitisha, mjane au warithi huendelea, na kifo chake hutajwa ndani ya jalada. Majalada yanatunzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Washington. Watu wanalikwepa kwa sababu linahitaji kuagizwa na kusubiriwa, ilhali orodha ya makaburi inapatikana kwa kubofya mara moja.

Huyo wa fimbo sasa. Anatembea nazo mkononi, na zikipishana husema hapo pana kaburi. Zinapishana kwa sababu kiganja kinainama kidogo bila mwenyewe kuhisi, hasa akishafika mahali anapotarajia kaburi. Ofisi ya mwanaakiolojia wa jimbo la Iowa ililichunguza jambo hili na haikuona sababu ya kuziamini. Kumtambua mwanamke kwa waya ni uongo mtupu, na ni ukatili kuuuzia familia inayomlilia bibi yao. Rada ya kupenya ardhini huonyesha udongo uliowahi kuchimbwa, lakini hata yenyewe haitaji jina la mtu. Nimewahi kuona familia ikisimika jiwe jipya mahali palipoonyeshwa na waya. Hivi sasa jiwe hilo limo kwenye orodha za intaneti, koo tatu zimelinakili, na hakuna anayejua tena chanzo chake.

Ndugu wasomaji wengine, haya yanawahusu nanyi. Msipake jiki wala povu la kunyolea kwenye jiwe ili maandishi yaonekane, wala msilisugue kwa brashi ya waya. Marumaru ya zamani hubanduka kama sukari. Kioo cha kuelekeza jua pembeni kinatosha.

Dada, nenda asubuhi na mapema, jua likiwa chini, utafute mabonde madogo yenye umbo la kaburi karibu na jiwe la babu. Piga picha mbele, nyuma na ubavuni, kisha mawe yote ya safu hiyo kwa mpangilio yalivyo. Majina ya majirani hao uyalinganishe na mashahidi waliomo kwenye jalada la ardhi.