Barua kwa mwanangu: madaftari ya jioni

Mwanangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza kwa haraka, nijue kama ninyi na mtoto hamjambo, na mara mbili zilizofuata kwa ajili ya swali uliloliweka karibu na mwisho kana kwamba uliona haya kuliuliza. Unasema kwamba tangu mtoto azaliwe miezi minne iliyopita, wewe na mwenzako mmekuwa mkijiuliza ni siku zipi za maisha yake mziadhimishe na kwa namna gani, maana mnaona wengine wakifanya sherehe kubwa kwa kila jambo na wengine wasifanye lolote. Unataka kujua sisi tulifanya nini hata ukakua ukiamini kwamba nyumbani kwetu palikuwa na furaha, ilhali ukijaribu kukumbuka sherehe huzioni nyingi.

Huzioni kwa sababu zilikuwa chache. Ubatizo wako na kipaimara chako nitavipita upesi, kwa kuwa kanisa lilivisimamia vizuri kuliko ambavyo sisi tungeweza. Siku ya kwanza ulilia tangu maji yalipokugusa hadi tulipotoka nje. Siku ya pili ulisahau Kanuni ya Imani katikati, ukakumbuka baba yako alipokohoa. Ninalotaka kukueleza ni habari ya madaftari.

Hayakuanza kwa hekima yoyote. Dada yako alipopiga hatua zake za kwanza mimi sikuwepo, na baba yako aliyekuwepo hakuiandika tarehe popote, hata baada ya majuma machache tukawa tunabishana ilikuwa Jumanne au Ijumaa. Ubishi ule uliniuma kuliko ulivyostahili. Nikanunua daftari, tukakubaliana kwamba kila jioni baada ya sala mtu mmoja wa nyumba ataandika mstari mmoja wa jambo analomshukuru Mungu, na asiyejua kuandika atasema, nasi tutamwandikia vilevile alivyosema bila kumsahihisha. Madaftari hayo leo ni kumi na moja, nami nimeyafungua tena kabla ya kukujibu.

Nilichokiona humo ndicho kinachonifanya nikuandikie kwa kirefu. Ukurasa mmoja una mstari usemao, "Leo mtoto amekaa bila kushikwa." Chini yake baba yako ameandika kwamba mjomba wako amefunga ndoa. Kisha, "Jino limetoka, amelificha mfukoni hataki kulionyesha." Kisha mimi, "Amesema Amina kabla sala haijaisha, nadhani ni njaa." Harusi iliyoandaliwa kwa miezi mingi ilipata mstari mmoja, na jino lako likapata mstari mmoja, tena wenye maneno mengi kidogo. Hatukukusudia iwe hivyo, ila daftari lilikuwa na kipimo kimoja tu, na kipimo hicho kilitufundisha mengi kuhusu furaha ya nyumba.

Nilipokuwa nikiyasoma nilikumbuka kwamba Biblia haitaji karamu yoyote siku Isaka alipozaliwa, ingawa wazazi wake walikuwa wamemngojea hadi uzeeni. Inataja kwamba Ibrahimu alifanya karamu kubwa siku mtoto alipoachishwa kunyonya, Mwanzo 21:8. Jambo la kawaida kabisa, linalofanyika katika kila nyumba yenye mtoto, ndilo lililowekewa meza. (Karamu za kuzaliwa zinazotajwa waziwazi ni ya Farao na ya Herode, na zote mbili ziliishia kwa mtu kuuawa, lakini usilichukue hilo kuwa katazo, mtoto wako mfanyieni tu.) Tena Yohana anaeleza katika sura ya 21 kwamba Bwana, baada ya kufufuka, aliwasha moto wa makaa ufukweni, akawaita wanafunzi waliokesha kazini waje wafungue kinywa. Sijapata kuandaa meza ya asubuhi kwa haraka na manung'uniko bila aya hiyo kunisuta.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, siku zipi ziwekewe alama. Soma Yoshua sura ya 4. Wana wa Israeli walipokwisha kuvuka Yordani, waliagizwa kuchukua mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha, na sababu inayotolewa ni kwamba watoto watakuja kuuliza mawe hayo maana yake ni nini. Jambo hilohilo liko katika Kutoka 12:26 kuhusu Pasaka: watoto wenu watakapowauliza. Kwa miaka mingi nilizisoma aya hizo kama agizo la kufundisha, na bila shaka ni agizo la kufundisha, lakini angalia utaratibu wake, kwamba alama inatangulia, swali linafuata, na mzazi anafungua kinywa mwisho. Wengi wetu tunaanza na maelezo. Mtoto hajauliza, nasi tumekwisha kumaliza hotuba.

Nawe uliuliza. Ulikuwa na miaka tisa, unapekua daftari la nne kutafuta siku uliyojifunza kuogelea, ukakutana na kurasa ambazo mistari yake ilikuwa na neno moja au mawili. "Tupo." "Tumelala wote." "Tupo." "Mvua haikuingia." Ukauliza mbona watu wa daftari hili walikuwa wavivu wa kuandika. Huo ulikuwa mwaka ambao baba yako alipoteza kazi, akakaa miezi minane bila kupata nyingine, nanyi mlikuwa wadogo mno kuelewa. Hakuwa amewahi kuzungumza habari zake na mtu yeyote, hata kaka zake. Jioni ile alivua miwani, akakuketisha karibu naye, akakueleza yote: jinsi alivyoona aibu kuniangalia, jinsi alivyokuwa akiondoka asubuhi na kutembea tu, na jinsi neno "Tupo" lilivyokuwa shukrani ya pekee aliyoweza kuitoa bila kusema uongo mbele za Mungu. Mimi nilikuwa mlangoni na nguo za kukunja mikononi. Kama ningeulizwa leo ni siku gani ilikuwa kubwa kuliko zote katika nyumba yetu, ningesema ni ile, na hakuna mtu aliyealikwa.

Lakini usije ukadhani kwamba madaftari yalikuwa mazuri wakati wote, maana kuna kosa langu ambalo nadhani hujalisahau. Ulipokuwa na miaka kumi na mitano, jioni ya siku ulipopata matokeo mabaya ya mtihani, nilikulazimisha uandike shukrani kwa kuwa ilikuwa zamu yako. Ukaandika, "Namshukuru Mungu kwa kuwa daftari hili lina mwisho." Nilikukemea mbele ya wenzako, nawe kwa muda wa karibu mwaka mzima ukawa unaandika tarehe tu. Nilifanya mahali pa furaha pawe mahali pa kukaguliwa. Baba yako aliniambia usiku uleule kwamba mstari wako ulikuwa wa kweli kuliko wangu, nami sikumsikiliza. Ninakuomba radhi, ingawa nimechelewa. Mtoto wako atakapokataa kusali au kuimba pamoja nanyi, na siku hiyo itafika, mwacheni akae tu chumbani pamoja nanyi bila kudaiwa neno.

Lililotusaidia baada ya hapo nililipata kwa Susanna Wesley wa Uingereza, mama wa John na Charles, wahubiri walioanzisha Umethodisti. Alizaa watoto kumi na tisa, na walioishi kufikia utu uzima ni kumi. Katika barua aliyomwandikia mumewe mwaka 1712 alieleza kwamba kila jioni alitenga muda wa kuzungumza na mtoto mmoja peke yake, kila mtoto na siku yake. Ya John ilikuwa Alhamisi na ya Charles Jumamosi. Miaka 20 baadaye, John akiwa mwalimu wa chuo Oxford, alimwandikia mama yake akimwomba amtengee tena ile sehemu ndogo ya Alhamisi jioni. Mtu mzima, msomi, kasisi, na alichokumbuka ni Alhamisi. Baada ya kusoma hayo niliacha kukudai mistari, nikaanza kuketi nawe Jumatano tukipanga vyombo, na wewe ndiwe uliyerudi kwenye daftari mwenyewe, kwa mstari kuhusu paka.

Kwa hiyo, kuhusu ubatizo wa mjukuu wangu, fanyeni kadiri ya nguvu zenu na msikope. Wekeni kitu kimoja atakachokiona mara kwa mara na kukiulizia akikua, uwe mshumaa wake, au ukurasa wenye maandishi ya mkono wa kila aliyekuwepo, kisha msikifafanue hadi aulize. Siku nyinginezo msizitafute. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja uketipo katika nyumba yako, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo, na ukihesabu utaona kwamba haijabaki saa ambayo ingehitaji kukodiwa ukumbi.

Daftari la nne ninakutumia pamoja na barua hii; mengine dada yako ameomba ayasome kwanza. Baba yako anakusalimu, na anasema umpigie simu Jumapili baada ya ibada, si kabla, kwa kuwa siku hizi ni mzee wa zamu.

Jambo la mwisho linahusu nguo nyeupe ya ubatizo. Katika Biblia, Hana, mama yake Samweli, alimshonea mwanawe kanzu ndogo mwaka baada ya mwaka, na kwa kuwa mtoto alikuwa anakaa mbali naye hekaluni, nadhani kila mara alilazimika kukisia kimo. Mimi sitaki kukisia. Kitambaa ninacho tayari, cherehani imetiwa mafuta, nipimie tu mtoto kuanzia begani hadi kisiginoni na kuzunguka kifua, akiwa amelala ili asijikunje, kisha uongeze vidole viwili, maana hadi siku ya ubatizo atakuwa amekua.

Mama yako