Mageuko au mageuzi ya kanuni za maji?

SWALI: Natayarisha kijitabu cha Jumuiya yetu ya Watumia Maji, nikieleza kwa fikra za biolojia jinsi kanuni za kugawana maji zilivyokua. Niliandika "mageuko ya kanuni za maji". Mwenzangu amefuta, ameweka "mageuzi". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Same)

JIBU: Rudisha mageuko yako, ila usiyatupe mageuzi ya mwenzako. Utayahitaji kurasa chache mbele.

Tazama vitenzi. Mageuko yametokana na geuka, kama mafuriko yanavyotokana na furika na maporomoko na poromoka. Mto hufurika wenyewe. Mageuzi yanatokana na geua, kama mapinduzi na pindua: yupo aliyeshika kitu akakigeua. Ndiyo maana waliodai vyama vingi nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliitwa wanamageuzi. Mwanabiolojia Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1859, alieleza viumbe wanaogeuka kizazi hadi kizazi pasipo mgeuzaji. Hayo ni mageuko, hata kama wengi huandika mageuzi.

Sasa njoo kwenye ndiva, yale malambo ya kumwagilia ya huko kwenu Upare. Maji ya kijito huachwa yajae usiku kucha, asubuhi tundu likazibuliwa, yakashuka kwa mfereji hadi mashambani, kila mtu na zamu yake. Tope likijaa, watu huitana msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kulizoa. Utaratibu huo haukutungwa kwa kikao kimoja. Kanuni iliyozaa ugomvi iliachwa. Iliyofikisha maji hadi shamba la mwisho ikarithiwa. Mwaka 2013 ilichapishwa makala ya watafiti Elinor Ostrom, Michael Cox na David Sloan Wilson yenye hoja kwamba kanuni za kutunza mali ya pamoja zinaelezeka kwa nadharia ya mageuko. Neno lako limekaa mahali pake kabisa.

Lakini Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, inayozitambua jumuiya kama yenu, iliandikwa na watu, ikajadiliwa, ikapitishwa. Hayo ni mageuzi, na hapo mwachie mwenzako neno lake.

Jihadhari pia na "uteuzi asilia", jina la kibiolojia la jinsi viumbe wanaofaa mazingira yao wanavyodumu na wengine wakapotea. Uteuzi umetoka kwenye teua, nao hudai mteuzi. Ukidondosha "asilia" ukaandika "uteuzi wa kanuni", mwanachama wenu atamwona mwenyekiti akiteua kamati. Mwandikie tu: kanuni zilizodumu na kanuni zilizokufa.