Kabla ya programu ya kufuatilia miradi, hesabuni watu

Usisaini hiyo programu! Umesema bodi yenu pale Upper Hill imepitisha miradi kumi ya kimkakati, yote ianze Julai, na unauliza mnunue programu gani ya kuifuatilia na bonasi zipangwe vipi. Wacha programu. Hesabu watu kwanza.

Kampuni niliyofanyia kazi, ya usambazaji, ilipita njia hiyohiyo. Mshauri alitupeleka Naivasha, kuta za hoteli zikajaa vikaratasi vya rangi, kila mkuu wa idara akarudi Nairobi na mradi wake: mfumo mpya wa stoo, bei mpya, ghala la Kisumu, mafunzo ya mauzo. Kila mradi ulikuwa na mwenyewe. Lakini kazi yenyewe iliwaangukia watu walewale: dada wa mifumo, mhasibu anayezijua bei, msimamizi wa stoo. Na kazi zao za kila siku hakuna aliyewapunguzia. Siku mfumo ulipowashwa, dada wa mifumo alikuwa Kisumu akifungua ghala. Ankara zikatoka na bei za zamani, malori yakalala godauni kule Barabara ya Mombasa, supamaketi zikahamia kwa washindani. Mauzo yakaporomoka, halafu lawama wakatupiwa vijana wa mauzo!

Ripoti za bodi zilikuwa kijani, yaani kila mradi unaenda sawa, hadi wiki ileile. Nani angekubali kuonekana mwekundu mbele ya wenyeviti? Yule mshauri ananikera mpaka leo. Alilipwa kwa kuandika mpango, akaondoka, na hakuwahi kuuliza hata mara moja nani ataacha kazi gani ili hii mipya ifanyike.

Kwa hiyo mradi mpya usianze mpaka mwingine ufutwe au uishe, na watu wake wapunguziwe kazi za kawaida kwa maandishi. Usiambiwe kampuni kubwa haiwezi kufuta. Apple ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 1 mwaka wa fedha wa 1997. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wake, aliporudi alifyeka sehemu kubwa ya bidhaa zake, na mwaka uliofuata ikapata faida ya dola milioni 309.

Leo jioni chukua orodha yenu, uandike kando ya kila mradi majina ya watakaoufanya kwa mikono yao, si wakubwa wao. Jina likijirudia mara tatu, lipeleke kwa mkurugenzi umuulize ni mradi upi unafutwa. Kisha rudi hapa utuambie amekujibu nini.