Mwenyekiti anataka kuona wanabodaboda masaa 24, nijenge aje?

Swali: Natengenezea Sacco moja ya bodaboda hapa Kisumu apu ya mikopo ya pikipiki. Mwenyekiti anataka isome lokesheni ya kila memba masaa 24 ati pikipiki zisipotee, halafu mfumo wenyewe ukatae mkopo kama alama za mtu za kulipa madeni ziko chini. Anataka ianze mwezi ujao. Kuandika programu si shida, ni roho inakataa. Nifanye aje? (Msomaji, Kondele)

Jibu: Ndugu, kwanza muulize mwenyekiti anatafuta pikipiki ama anatafuta mtu, maana naona amevichanganya. Kama dhamana ni pikipiki basi traka (kale kakifaa ka kuonyesha pikipiki iko wapi) ifungwe kwa pikipiki, simu ya mtu achana nayo, simu anaenda nayo kanisani, hospitali, hadi mkutano wa siasa, na hayo yote mkopo hauna haja nayo. Hata Android yenyewe itakusumbua: tangu Android 10 ruhusa ya lokesheni wakati apu imefungwa inaombwa kivyake, kuanzia 11 mtu lazima aingie kwa mipangilio aikubali mwenyewe, na Google Play watataka ueleze kwa nini apu haifanyi kazi bila hiyo. "Mwenyekiti amesema" haitapita, nakuambia.

Na traka nayo usidhani umemaliza, pikipiki inalala pale mwenyewe analala (na kuna siku hataki watu wajue ni wapi). Mimi ningeijenga hivi: traka inatuma kwa seva lakini ofisini hakuna ramani ya kukodolea macho. Memba akiibiwa anabonyeza kitufe, watu wawili ofisini wanaidhinisha, ndio lokesheni inafunguka, na mfumo unaandika nani ameangalia na saa ngapi, na memba anaiona hiyo rekodi kwa simu yake. Hapo kwa rekodi usikubali kupunguziwa hata kidogo. Wa kutoroka na deni, ofisi ifungue yenyewe lakini baada ya notisi, na iwe imeandikwa kwa mkataba. Data ya zamani ijifute, wiki moja yatosha.

Kukatalia mtu mkopo kwa alama tu, soma kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mtu ana haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake kwa jambo linalomgusa sana, na akiamuliwa hivyo anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya. Kwa hivyo mfumo upange maombi kwa foleni na utoe sababu inayosomeka, mtu ndio aamue. Kuna memba injini imekufa, pikipiki iko gereji wiki tatu, mfumo unaona mtu halipi, lakini ofisa wa mikopo akipigia steji yake simu moja tu anajua kisa chote.

Halafu kuna kifungu cha 31, data yenye hatari kubwa kwa haki za watu kama hii ya kufuatilia mtu inahitaji tathmini ya hiyo hatari, na ripoti inapelekwa kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla hujaanza. Anza na hiyo leo, na umwambie mwenyekiti mwezi ujao haiwezekani.