Gari ya tabo inatoa moshi wa bluu? Usikimbilie kununua tabo nyingine

Mafundi wengi gari ikishakuwa na tabo (turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi kuisukumia injini hewa) na ikaanza kutoa moshi, basi hukumu ishatoka, "tabo imekufa hiyo boss, tafuta nyingine", na hapo hata boneti hajafungua. Yangu iliambiwa hivyohivyo na tabo ilikuwa nzima kabisa.

Anza na rangi. Bluu yenye harufu ya kuungua ndo oili. Nyeusi ni mafuta kuzidi hewa, angalia hosi za tabo kama hazijapasuka. Nyeupe nzito isiyoisha hata injini ikishapata moto, na maji kwenye rejeta yanapungua, hiyo kesi nyingine.

Halafu angalia moshi unatoka wakati gani, hapa ndo penye siri yote. Ukiwasha asubuhi linatoka wingu moja halafu basi, au umeshuka mlima mrefu umeachia mafuta ukija kukanyaga ndo linatoka, shuku sili za valvu. Moshi ukikufuata muda wote ukipanda mlima au ukivuta mzigo, fikiria ringi za pistoni. Ila gari ikikaa foleni injini inaunguruma tu, afu ukiondoka nyuma hawakuoni, hapo ndo tabo inaingia kwenye washukiwa. Yangu ilikuwa hii.

Sasa shafti ya tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inaelea kwenye oili, na sili zake sio raba kama watu wanavyodhani, ni viringi vidogo vya chuma vinavyotegemea presha kuizuia oili isipite. Oili inaingia kwa nguvu ya pampu lakini kutoka inaanguka yenyewe tu kurudi chini kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), kwa hiyo paipu ya kurudishia ikiziba, au oili umejaza kupita alama, au injini imejaa presha ndani sababu valvu ya PCV (ile inayopumulia injini, inatoa hewa iliyojaa ndani) imeziba, oili inakosa pa kwenda inajipenyeza kwenye sili inaenda kuungulia kwenye ekzosi. Hapo hata ufunge tabo mpya kutoka kwenye boksi, itatoa moshi vilevile.

Kupima ni kazi ndogo. Pima oili kwanza kwa stiki. Afu injini ikiunguruma legeza kifuniko cha kujazia oili, kikirukaruka na kupulizwa kwa nguvu jua presha imejaa. Ukiweka PCV nzima na bado inapuliza, pima kompresheni, silinda yenye kompresheni ndogo itie oili kidogo kwenye tundu la plagi upime tena, ikipanda ni ringi.

Ndo uje kwenye tabo yenyewe. Zima, acha ipoe, toa hosi ya hewa ushike shafti. Kucheza pembeni kidogo ni kawaida, wengi wanatishwa na hilo bure. Ikicheza kwenda mbele na nyuma ukaisikia mkononi, au mapanga yamekwaruza ukuta, hiyo imekufa kweli. Unyevu wa oili kwenye hosi pia usikutishe, ukikuta dimbwi ndo uogope.

Kwangu shafti ilitulia tuli, kifuniko cha oili ndo kilikuwa kinarukaruka. PCV ilikuwa imeganda kama lami. Tukabadilisha hiyo, tukasafisha paipu ya kurudishia, tukamwaga oili iliyolala kwenye intakula (kipoza hewa ya tabo). Moshi haukukata palepale, iliyobaki kwenye ekzosi lazima iungue kwanza, kwa hiyo usianze kumlaumu fundi siku ya kwanza.

Ikibidi kweli ubadilishe tabo, badilisha na oili, filta na paipu ya kuleta oili, ujaze oili kwenye tabo kabla ya kuwasha, na umkataze fundi kupaka silikoni kwenye gasketi za paipu za oili maana vipande vinaingia ndani vinaziba njia.

Wenye dizeli msiendeshe na moshi huo mkisema tutaona mwisho wa mwezi. Tabo ikimwaga oili nyingi injini inaweza kuanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, inapanda resi na funguo haiizimi. Ya manyuo weka gia kubwa, kanyaga breki mpaka mwisho, achia klachi izimike. Otomatiki ni kuziba njia ya hewa kwa ubao, sio kwa mkono, na kama huwezi kuifikia kaa mbali nayo.