Mkojo wa Damu Uliotibiwa kama UTI: Yaliyonipata na Ushauri Wangu

Kwa karibu miaka miwili nilitibiwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo sikuwa nayo; kumbe nilikuwa na kichocho cha mkojo. Kila baada ya miezi miwili au mitatu mkojo wangu ulikuwa ukigeuka rangi, nami nilikuwa nikiacha biashara yangu ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na kwenda zahanati ya jirani, ambako nilipimwa kwa kijiti, nikaambiwa kuna damu na maambukizi kidogo, nikapewa antibayotiki za siku saba. Safari moja mhudumu alishusha sauti, akaniuliza habari za michepuko, kisha akanidunga sindano ya kisonono na kunifungia dawa nyingine za kumpelekea mke wangu. Ugomvi ulioletwa nyumbani na dawa zile ulidumu kuliko dozi yenyewe.

Kilichonichelewesha zaidi ni kwamba damu ilikuwa ikikatika yenyewe. Nikimeza dawa siku ya tatu ikakoma, nilisema dawa imefanya kazi, kumbe ingekoma hata kama ningekunywa maji matupu. Maumivu ya ubavu wa kushoto niliyahesabia magunia ninayobeba, nikawa nameza diklofenaki karibu kila jioni, jambo ambalo leo najua lilikuwa likiumiza figo ambayo tayari ilikuwa taabani.

Aliyevunja mzunguko huo ni daktari kijana wa kike katika hospitali ya rufaa, ambaye aliniamkia shikamoo, akapitia karatasi zangu zote kimya, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Baba, utotoni ulikulia wapi?" Nikamjibu Kwimba. "Na nyumbani mlikuwa mnalima nini?" Nikamwambia mpunga, na kwamba sisi watoto ndio tuliokuwa tukishinda kwenye majaruba tukifukuza ndege, tukioga humohumo na kuchunga ng'ombe kandokando ya malambo. Akaniuliza kama niliwahi kukojoa damu nikiwa mvulana. Nikacheka, kwa sababu pale kwetu wavulana wengi tulikojoa damu na tukaambiana kuwa ni dalili ya kukua.

Hapa inafaa nieleze kidogo, maana hata sisi tunaoishi kandokando ya ziwa tunachanganya mambo. Kichocho kipo cha aina mbili katika mkoa wetu. Kile kinachopatikana zaidi ufukweni na visiwani ni kichocho cha tumbo, kinachosumbua utumbo na ini. Kichocho cha mkojo kimeshika zaidi maeneo ya ndani, kama Kwimba, Misungwi na upande wa Magu ulio mbali na ziwa, kwa sababu konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotuama ya madimbwi, malambo na majaruba. Vijidudu hutoka kwa konokono, hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, na hatimaye minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu inayokizunguka kibofu. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz ndiye aliyewagundua minyoo hao jijini Cairo mwaka 1851, na ndiyo maana wazee wengine huuita ugonjwa huu bilharzia. Minyoo yenyewe si tatizo kubwa kama mayai yake, ambayo yana mwiba nchani. Yale yanayoshindwa kutoka na mkojo hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kwenye mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, mwili hujenga kovu kuyazunguka, na kovu hilo hukaza na kuziba njia miaka mingi baada ya mtu kuhama shambani na kusahau kila kitu.

Daktari alinipa vikopo vitatu. Cha kwanza nilipaswa kukojolea mwanzo wa mkojo, cha pili katikati, cha tatu matone ya mwisho kabisa. Niliviweka dirishani kwenye mwanga: viwili vya mwanzo vilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyochujuka, cha tatu kilikuwa chekundu na kina vipande viwili vyembamba kama uzi. Alinieleza kwamba damu inayotoka mwanzoni tu mara nyingi inatoka kwenye njia ya nje ya mkojo, inayozidi mwishoni inaelekeza kwenye kibofu, na iliyoenea sawasawa inaweza kuwa imetoka juu zaidi. Si kipimo cha kumalizia shauri, lakini mgonjwa anaweza kukifanya nyumbani bila senti na kwenda kwa daktari na maelezo yenye maana kuliko kusema tu "nakojoa damu".

Jambo la pili ni saa ya kutoa mkojo. Nimeona watu wengi wakiamka alfajiri na kupeleka maabara mkojo wa kwanza, kama wanavyofanya kwa vipimo vingine, kisha wanarudishwa na majibu safi. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hasa mtu akiwa ametembea au ameruka kidogo kabla, na yako zaidi kwenye yale matone ya mwisho. Ukitoa saa moja asubuhi, usishangae yasipoonekana. Mimi, hata hivyo, sikuonekana na yai lolote hata nilipotoa saa sita mchana baada ya kupanda ngazi mara nne, kwa kuwa ugonjwa uliokaa miaka mingi unaweza kubaki kovu bila mayai yanayotoka. Kwa mtu mzima mwenye historia kama yangu, majibu safi ya mkojo hayatoshi kufunga faili.

Utrasaundi ndiyo iliyosema ukweli: ukuta wa kibofu ulikuwa mnene, na figo ya kushoto ilikuwa imejaa maji, kwa maana kwamba mkojo ulikuwa ukishindwa kushuka na kuivimbisha. Nilipoingizwa kamera ndani ya kibofu, mtaalamu alinigeuzia skrini nikaona mabaka ya rangi ya mchanga wa ufukweni yaliyotapakaa ukutani. Walichukua kinyama kidogo, na maabara ikakuta mayai yaliyogeuka chokaa, lakini haikukuta kansa. Nilisubiri jibu hilo la mwisho siku kumi na moja bila kulala vizuri, kwa sababu kichocho cha muda mrefu ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana vya kansa ya kibofu.

Nilipewa prazikwanteli kwa uzito wangu, miligramu 40 kwa kila kilo. Nina kilo 75, hivyo nilimeza vidonge vitano vya miligramu 600 baada ya kushiba ugali, nikapata kizunguzungu na kichefuchefu hadi jioni, basi. Dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa. Haifuti kovu, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanameza, damu inakatika, hawarudi kupiga utrasaundi, huku figo inaendelea kujaa bila hata kuuma.

Mimi niliwekewa mrija mwembamba wa plastiki ndani, kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, ili mkojo upite. Unakera: unakwenda haja kila mara, na ukikojoa ubavu unavuta. Niliandikiwa kurudi kuutoa baada ya miezi mitatu. Nilirudi baada ya miezi minane. Bima ilikuwa imekatika, msimu wa dagaa ulikuwa mzuri, nami nilikuwa nimeuzoea. Mrija ulikuwa umeota mawe kichwani na mkiani, ukagoma kutoka, ikabidi mawe yapasuliwe kwanza kabla ya kuuvuta, na gharama yake ilikuwa maradufu ya ile niliyokuwa nikiikwepa. Ndiyo sababu nawaambia watu waandike tarehe ya kutoa mrija mlangoni, kwenye simu, na kwenye simu ya mke au mtoto pia. Baadaye nilifanyiwa upasuaji wa kukata sehemu iliyokaza na kuuunganisha mrija wangu wa asili upya na kibofu, na sasa kila miezi sita napima damu kuona kazi ya figo na kurudia utrasaundi.

Zipo dalili ambazo hazingoji kuche. Mtu mwenye figo iliyoziba akipata homa na kutetemeka, apelekwe hospitali usiku huohuo, kwa kuwa usaha uliofungiwa ndani ya figo hauponi kwa vidonge mpaka mkojo ufunguliwe njia. Vivyo hivyo kwa aliyebanwa na mkojo usitoke, au anayetoa mabonge ya damu.

Kwa akina mama mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mayai hunasa pia kwenye shingo ya kizazi na uke, wakapata uchafu, maumivu, na damu baada ya tendo la ndoa. Dada yangu alitibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu, na mara zote tatu shemeji alilaumiwa. Alipotaja majaruba ya Kwimba kwa daktari wa wanawake, uchunguzi ulichukua njia nyingine.

Tulikuwa sita tuliooga katika jaruba lile. Mdogo wetu wa mwisho alinibishia kwa mwaka mzima kwamba yeye hana shida yoyote, hadi wiki iliyopita nilipomsindikiza mwenyewe maabara saa tano na nusu, baada ya kumtembeza kwa miguu kutoka stendi. Yeye mayai yalionekana. Utrasaundi yake ni Jumanne.